Kompyuta hukwama wapi mbele ya namba tasa?

Chukua karatasi na kalamu. Andika 2, izidishe kwa yenyewe upate 4. Zidisha 4 kwa 4 upate 16, kisha 16 kwa 16 upate 256. Kuanzia hapo usiiache namba ikue: kila ikizidi 641, igawe kwa 641 uchukue baki peke yake. 256 mara 256 ni 65,536. Ukigawa kwa 641 linabaki 154. 154 mara 154 ni 23,716, linabaki 640. Ongeza 1. Umepata 641 kamili, kwa hiyo baki sasa ni sifuri.

Kwa dakika tatu umethibitisha kwamba 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641, na namba yenyewe hukuiandika mahali popote. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini namba hiyo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba 641 ni kigawo chake.

Nimeanza na karatasi kwa sababu watu wengi, wakisikia kwamba kompyuta zina mipaka katika kupima namba tasa, hudhani mpaka huo ni ukubwa: namba ikipita kimo fulani, mashine inashindwa. Mambo hayako hivyo. Namba ile uliipata kwa kuanza na 2 na kuizidisha kwa yenyewe mara 5, kisha kuongeza 1; namba za namna hiyo huitwa namba za Fermat. Fanya hivyo mara 33 badala ya 5, utapata namba ya tarakimu 2,585,827,973. Inaenea kwenye kumbukumbu ya simu ya kawaida, lakini hakuna mtu duniani anayejua kama ni tasa au si tasa. Fanya mara 18,233,954, utapata namba ambayo hata idadi ya tarakimu zake ni namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 5.4. Haiwezi kuandikwa, si kwenye karatasi wala kwenye kompyuta zote zilizowahi kutengenezwa. Hiyo, tangu mwaka 2020, tunajua kwa uhakika kwamba si tasa.

Ndogo hatuijui, ya kutisha tunaijua. Ukielewa kwa nini iko hivyo, umeelewa mipaka ya kompyuta katika jambo hili.

Kujua bila kuona kigawo

Neno letu "tasa" linafaa kwa upande mmoja tu. Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana. 12 ni 2 mara 2 mara 3, na haina ukoo mwingine.

Njia tuliyofundishwa shuleni ya kuitambua ni kujaribu kuigawa: kwa 2, kwa 3, kwa 5, mpaka ufike kwenye kipeuo cha pili cha namba hiyo. Njia hiyo ni sahihi kabisa, na inakwama mapema mno. Chukua 2¹²⁷ − 1, namba ya tarakimu 39 tu, ambayo unaweza kuiandika kwenye mstari mmoja. Kompyuta inayojaribu kila namba moja baada ya nyingine, bilioni moja kila sekunde, ingehitaji zaidi ya miaka 400 kumaliza. Hata hivyo Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba ni tasa mwaka 1876, miongo mingi kabla ya kompyuta ya kwanza. Ni wazi hakuigawa.

Namba za aina hii, 2 ikipandishwa kipeo fulani kisha kutolewa 1, zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Paris aliyechapisha orodha yake mwaka 1644. Njia ya Lucas, iliyonyooshwa na Mmarekani D. H. Lehmer mwaka 1930, ni rahisi kiasi cha kushangaza. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki. Rudia. Kama kipeo ni p, rudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Likiwa kitu kingine chochote, si tasa.

Tujaribu 31, yaani 2⁵ − 1. Tunahitaji hatua 3. Kutoka 4 tunapata 14. Kutoka 14 tunapata 194, ambayo ikigawiwa kwa 31 inabakiza 8. Kutoka 8 tunapata 62, na 62 ni 31 mara 2. Baki ni sifuri: 31 ni tasa.

Sasa 2¹¹ − 1, ambayo ni 2,047. Hatua 9 zinatoa 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, na mwisho 1,736. Si sifuri, basi 2,047 si tasa. Lakini tazama lile 1,736: halikuambii chochote kuhusu 23 na 89, ambazo ndizo vigawo vya 2,047. Kipimo kimetoa hukumu bila kumleta shahidi.

Hili ndilo jambo gumu zaidi kuliamini mtu anapolisikia mara ya kwanza. Swali la "je, ni tasa?" na swali la "vigawo vyake ni vipi?" ni maswali mawili tofauti, na la pili ni gumu kuliko la kwanza kwa kiasi kikubwa mno. Mwaka huohuo wa 1876 Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1, iliyomo kwenye orodha ya Mersenne, si tasa. Vigawo vyake havikujulikana hadi 1903, Frank Nelson Cole wa Marekani alipovitaja: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kwa miaka 27 watu walijua namba inagawanyika bila kujua inagawanyika kwa nini. Na kuna inayosubiri mpaka leo. Ile namba ya Fermat unayoipata kwa kuzidisha mara 24, yenye tarakimu 5,050,446, ilithibitishwa mwaka 1999 kwamba si tasa. Kigawo chake hata kimoja hakijaonekana.

Hatua haziruki

Namba tasa kubwa kuliko zote zilizotangazwa hadi Oktoba 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant, Mmarekani, akishiriki katika GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ambamo watu wa kujitolea duniani kote huazima nguvu za kompyuta zao.

Kuihifadhi si tatizo. Katika lugha ya kompyuta ni biti milioni 136 zote zikiwa 1, sawa na megabaiti 17 hivi, kiasi cha picha chache za simu. Tatizo ni hatua. Kipimo cha Lucas na Lehmer kinadai kuizidisha namba ya ukubwa huo kwa yenyewe mara 136,279,839, na hatua ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kutoa baki lake, wala ya tatu kabla ya pili. Huwezi kugawa hatua hizo kwa kompyuta elfu moja ili zimalizike mara elfu upesi. Ukiwa na kompyuta elfu moja utapima namba elfu moja tofauti, kila moja kwa mwendo wake, na ndivyo mradi huo unavyofanya kazi. Lakini ukishaichagua namba moja na kutaka jibu lake, wingi wa mashine unasaidia ndani ya kila hatua tu.

Ndani ya hatua hapo ndipo ujanja mkubwa ulipofanyika. Kuzidisha kwa njia ya shuleni, kila tarakimu kwa kila tarakimu, kungedai vizidisho vidogo kama 1,680,000,000,000,000 kwa hatua moja. Kwa hiyo namba hukatwa vipande, vipande vikachukuliwa kana kwamba ni wimbi la sauti, na kupitishwa kwenye mageuzi ya Fourier, hesabu ileile inayotumika kuchambua sauti na picha. Mawimbi yakizidishwa nukta kwa nukta na kurudishwa kuwa namba, jibu la kuzidisha linatoka. Arnold Schönhage na Volker Strassen wa Ujerumani walionyesha mwaka 1971 jinsi ya kufanya hivyo kwa namba kubwa, na kwa maoni yangu mchango huo umesogeza mbele utafutaji wa namba tasa kuliko aina yoyote mpya ya chipu.

Hata hivyo bado kuna gharama isiyokwepeka. Ukiongeza kipeo maradufu, hatua zinakuwa maradufu, na kila hatua inakuwa nzito zaidi ya maradufu. Kazi nzima inazidi mara nne. Kipeo kikiwa mara 10, kazi inazidi mara 100. Rudi sasa kwenye ile namba ya Fermat ya 33. Kipimo chake, kilichobuniwa na Mfaransa Pépin mwaka 1877, kinahitaji hatua 8,589,934,591, kila moja ikizidisha namba inayojaza gigabaiti nzima. Ikilinganishwa na ile ya 24, urefu umezidi mara 512 na hatua zimezidi mara 512, kwa hiyo kazi imezidi mara 262,144 na ushei. Tuseme umepata mashine inayomaliza kila hatua kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Itakuchukua miaka 27, bila umeme kukatika.

Na katika miaka hiyo isikosee hata mara moja. Jambo hili linasahaulika sana. Tunaitegemea kompyuta kana kwamba haikosei hesabu, na kwa kazi za kila siku ni kweli. Lakini mashine inayofanya kazi usiku na mchana kwa majuma au miezi hupata joto, kumbukumbu yake huchakaa, na mara chache chembe kutoka anga za juu hugeuza biti moja kutoka 0 kuwa 1. Yale mageuzi ya mawimbi nayo hutumia desimali, na desimali hukadiriwa. Hatua moja ikikosewa, zote zinazofuata zimeharibika, na ubaya wake ni kwamba jibu la mwisho linaonekana la kawaida kabisa: namba ndefu isiyo sifuri. Namba tasa ya kweli inaweza kutupwa hivyo, na asijue mtu.

Kwa sababu hiyo ile kazi ya mwaka 1999, ya kupima namba ya Fermat ya 24, ilifanywa na mashine mbili kila moja kivyake, huku nyingine zikihakiki mabaki ya njiani kwa hesabu za namba kamili zisizo na desimali. Kwa miaka mingi GIMPS nayo ilipima kila namba mara mbili kwenye kompyuta mbili tofauti. Mabadiliko yalikuja mwaka 2017, Robert Gerbicz alipobuni njia ya kugundua kosa katikati ya safari, kwa gharama ndogo mno, ili mashine irudi nyuma kidogo badala ya kuanza upya. Njia hiyo inafanya kazi kwenye kipimo cha aina nyingine, kile kinachotoa jibu la "huenda ni tasa". Ndiyo maana namba ya Durant ilipita kwanza kipimo hicho tarehe 11 Oktoba 2024 kwenye kadi ya grafiki iliyoko Dublin, na kesho yake ikathibitishwa kwa kipimo cha Lucas na Lehmer kwenye mashine nyingine iliyoko San Antonio, Texas.

Namba isiyo na jirani mwema

Mpaka hapa nimezungumzia namba zenye umbo. Ni bahati kubwa kuwa nalo. Namba ya Mersenne ukiiongezea 1 unapata 2 tupu zilizozidishana. Namba ya Fermat ukiitoa 1, vivyo hivyo. Vipimo vya haraka vyote vinapita kwa huyo jirani: ukijua vigawo vyote vya namba inayotangulia au inayofuata, unaweza kuithibitisha ile ya katikati. Namba uliyookota tu haina jirani wa kujulikana, na hapo uhakika unakuwa ghali.

Cha rahisi ni kukisia vizuri. Fermat aligundua kwamba kama n ni tasa na ni kubwa kuliko 2, basi 2 ikipandishwa kipeo cha n − 1 na kugawiwa kwa n hubakiza 1. Namba isiyotimiza hilo si tasa, na kesi imekwisha. Inayotimiza, huenda ni tasa. Huenda tu, maana 341 inatimiza na ilhali ni 11 mara 31. Kipimo kilichoboreshwa cha Miller na Rabin kinapunguza hatari hiyo: kila duru, namba isiyo tasa ina nafasi isiyozidi moja kwa nne ya kupita. Duru 40, nafasi hiyo inakuwa ndogo kuliko moja kwa trilioni ya trilioni. Funguo za siri zinazolinda tovuti za benki mara nyingi hutegemea namba tasa zenye tarakimu 300 hivi, na hupatikana kwa njia hii: kompyuta inaokota namba witiri kwa kubahatisha, inaipima, ikishindwa inaokota nyingine. Kwa ukubwa huo, wastani wa namba witiri moja katika kila 355 ni tasa, kwa hiyo haisubiri sana.

Lakini "nafasi ndogo mno ya kukosea" si uthibitisho, na mwanahisabati hataridhika nayo. Mwaka 2002 Manindra Agrawal na wanafunzi wake wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wa chuo cha teknolojia cha Kanpur nchini India, walionyesha kwamba namba yoyote, yenye umbo au isiyo nalo, inaweza kuthibitishwa bila kubahatisha, kwa muda usiolipuka kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Ilikuwa habari kubwa, na inastahili sifa zote ilizopewa. Kwa matumizi hasa, ni nzito. Wanaothibitisha namba halisi hutumia njia nyingine inayopita kwenye mikunjo ya duaradufu. Kwa njia hiyo, mwaka 2023, ilithibitishwa kwamba namba inayoandikwa kwa tarakimu 1 peke yake, zikiwa 86,453 mfululizo, ni tasa. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikiitwa "huenda ni tasa".

Linganisha: 86,453 dhidi ya 41,024,320. Tofauti ya mara 470 na zaidi, na haitokani na kompyuta. Mashine ni zilezile. Ni tofauti ya jirani.

Kule ambako hakuna kuhesabu

Turudi kwenye ile namba isiyoandikika, ya kuzidisha mara 18,233,954. Ilijulikanaje? Kwa njia ileile ya karatasi yetu. Mtu alipata kwanza namba tasa yenye umbo zuri, 7 mara 2 kwa kipeo cha 18,233,956, ongeza 1. Kisha akaanza na 2, akaizidisha kwa yenyewe, kila mara akichukua baki kwa kugawa na hiyo namba tasa, mara 18,233,954. Mwishoni aliongeza 1, baki likawa sifuri. Namba kubwa haikuandikwa hata kidogo. Lililobebwa ni baki tu. Aliyepata kigawo hahitaji kuishika namba. Asiyepata, lazima aishike yote. Ile ya 33 haina kigawo kilichopatikana, kwa hiyo imebaki na njia moja tu, ile ya miaka 27.

Kuna nyingine ambazo hata miaka haitoshi. Chukua namba tasa ya Mersenne uifanye kipeo cha 2, utoe 1. Kwa 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, mambo yalikwenda vizuri: 2 kwa kipeo hicho, toa 1, ina tarakimu milioni 646, lakini inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Ukitumia 2⁶¹ − 1 kuwa kipeo, unapata namba inayohitaji petabaiti 288 kuihifadhi, na kipimo cha hatua zaidi ya 2,305,843,009,000,000,000. Hata kila hatua ikichukua sekunde moja, jambo lisilofikirika kwa namba ya ukubwa huo, ni miaka bilioni 73. Ulimwengu una umri wa karibu bilioni 13.8.

Halafu iko ya Catalan. Mbelgiji Eugène Catalan alitazama mnyororo huu mwaka 1876: 2 inazaa 3, maana 2² − 1 ni 3. 3 inazaa 7. 7 inazaa 127. 127 inazaa 2¹²⁷ − 1, ile aliyoithibitisha Lucas. Zote tasa. Je, inayofuata? Idadi ya tarakimu zake ni kama 5 ikifuatwa na sifuri 37. Ukitaka kuihifadhi kwenye kadi ndogo za simu za terabaiti moja, kila moja ikiwa na uzito wa robo gramu, kadi hizo kwa pamoja zitazidi zaidi ya mara tatu uzito wa maji yote ya bahari duniani. Hapo hakuna kipimo cha kuzungumzia, leo wala kwa mashine yoyote tunayoweza kuichora.

Kilichobaki ni ule mlango mdogo wa Euler. Kigawo chochote cha namba hiyo lazima kiwe na umbo moja: 2¹²⁷ − 1, zidisha kwa namba shufwa fulani, ongeza 1. Kumjaribu mgombea mmoja ni kazi ya kufumba na kufumbua: anza na 2, zidisha kwa yenyewe mara 127 ukichukua baki kila mara, uone kama mwishoni unarudi kwenye 2. Wagombea wengi wamekwisha jaribiwa, na hakuna aliyerudisha 2. Kesho akipatikana mmoja, mtoto wa shule mwenye subira na karatasi za kutosha ataweza kuuhakiki uthibitisho huo peke yake. Na kama namba ile ni tasa, hakuna mgombea atakayepatikana kamwe, nao wanaotafuta hawatakuwa na njia ya kujua kwamba wanatafuta kisichokuwepo.